Kuwahifadhi Mabinti na Kisu cha Ngariba

Khutba ya kwanza

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwanamume na mwanamke, ambaye hakukiumba kiungo hata kimoja kwa mchezo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlioko msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nanyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na kumcha hasa katika amana alizotutilia mikononi mwetu. Na katika amana hizo hapana iliyo nzito kuliko mtoto ambaye bado hajajua kujitetea.

Siku chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mtu mmoja katika wanaosali nasi. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Kenya, naye amekaa hapa pwani miaka mingi akiendesha biashara yake. Ana binti wa miaka minane. Mama yake mzazi, aliyeko Wajir, amempigia simu akimtaka ampeleke mtoto huko shule zitakapofungwa mwisho wa mwaka, akatahiriwe pamoja na binti wa ami yake. Yule bwana akatuambia: "Sheikh, nilimwambia mama kuwa jambo hili silipendi. Akanijibu kuwa mtoto hatafanyiwa ile ya Firauni, ya kushonwa, aliyofanyiwa yeye. Atafanyiwa ya Sunna tu. Basi nikakosa la kusema. Mimi ni nani hata niipinge Sunna ya Mtume?"

Swali hili ndilo lililotupandisha mimbarini leo. Tunajua wako watakaoona haya kulisikia jambo kama hili likisemwa mbele ya watu, tena likitangazwa redioni, baba na binti yake wakisikiliza pamoja. Haya ni katika imani, na sisi tutajitahidi kusema kwa staha. Lakini Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya yao haikuwazuia kuuliza na kujifunza mambo ya dini yao. Na haya inayomfunga mzazi ulimi hali mtoto anakwenda kukatwa, hiyo si haya tuliyoamrishwa.

Kwanza na tujue linalosemwa ni nini. Mwanamume anapotahiriwa huondolewa govi, yaani ngozi iliyofunika, na kiungo chenyewe kikabaki kizima na kazi yake. Mwanamke anapokeketwa, kinachokatwa ni kiungo chenyewe. Wako wanaokata kinembe peke yake. Wako wanaokata kinembe pamoja na midomo ya ndani ya utupu. Na wako wanaokata hivyo na midomo ya nje pia, kisha wakaishona au wakamfunga mtoto miguu mpaka nyama zishikane, pabaki tundu dogo la kupitisha mkojo na damu ya hedhi. Hii ya mwisho ndiyo inayoitwa ya Firauni. Katika Somalia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wanawake 99 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na 64 katika 100 walifanyiwa hiyo ya Firauni. Katika Wajir na Mandera, huko Kenya, hesabu ya mwaka 2022 ilipita wanawake tisa katika kila kumi.

Tazameni basi namna majina yanavyotupoteza. Sisi Waswahili tumeliita jambo hili tohara. Na tohara ni nini? Ni usafi: ni udhu, ni josho, ni maji safi. Tumechukua neno la usafi tukamvika nalo mtu mwenye wembe. Ndugu zetu wa kaskazini nao wameliita kwa jina la Firauni, na jina hilo angalau limesema kweli, kwani Firauni alikuwa adui wa Nabii Musa, aliyechinja watoto. Hatujui ni Mwislamu gani angependa kumpeleka mwanawe kwenye jambo linaloitwa kwa jina la mtu huyo. Ila watu walipoanza kuikimbia ile ya Firauni, na kuikimbia ni kheri, hawakukimbilia kuacha. Walikimbilia mkato mwingine wakaupa jina la Sunna, na jina hilo likawafunga vinywa watu kama yule bwana aliyetujia.

Nalo jambo lenyewe ni la kale kuliko Uislamu. Katika nchi ya Misri ilipatikana karatasi ya mafunjo iliyoandikwa kwa Kiyunani mwaka 163 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na ndani yake mnatajwa binti wa mji wa Memphis aliyefikia umri wa kutahiriwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 700 kabla ya kuzaliwa Bwana Mtume. Na mpaka leo si jambo la Waislamu peke yao, wala si la Waislamu wote. Wakuria hukeketa na wengi wao si Waislamu. Wamaasai vivyo hivyo. Na Wakristo wa Kikopti huko Misri wamelifanya sawasawa na jirani zao Waislamu. Kwa upande mwingine, Waislamu wa Moroko, wa Aljeria, wa Tunisia na wa Uturuki si desturi yao. Na wala hatuna haja ya kwenda mbali: ulizeni Unguja na Pemba, ulizeni wenyeji wa Lamu na Mombasa, wenye misikiti ya mamia ya miaka, waliotoa mashekhe na makadhi na watunzi wa tenzi za dini. Je, walikuwa wakiiacha Sunna muda wote huo, na mama zao na bibi zao hawakuwa tohara? La hasha.

Sasa tuje kwenye dalili, kwa sababu mwanafunzi hatosheki kwa kuambiwa "si dini" bila ya kuonyeshwa. Qurani yote haina aya inayoamrisha jambo hili. Haikupokewa kwa njia sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafanyia hivyo mabinti zake, Zainab na Ruqayya na Ummu Kulthum na Fatima. Hadithi inayotajwa zaidi ni ile ya mwanamke wa Madina aliyekuwa akifanya kazi hiyo, akaambiwa asizidishe kukata. Imo katika kitabu cha Abu Daud. Lakini wanaoitoa kitabuni huacha alichokisema Abu Daud mwenyewe baada ya kuiandika: kwamba hadithi hiyo ni dhaifu, na kwamba katika wapokezi wake mna mtu asiyejulikana. Na hata lau ingekuwa sahihi, maana yake ni kumzuia mkataji, si kumwamrisha. Hadithi nyingine, inayosema kwamba tohara ni sunna kwa wanaume na ni heshima kwa wanawake, nayo wataalamu wa hadithi wameidhoofisha.

Iliyobaki ni ile hadithi ya josho, inayozitaja tohara mbili zinapokutana. Watu husema: "Tazama, Mtume amesema mbili, basi na mwanamke anayo yake." Aliyesoma Kiarabu kidogo anajua kwamba Waarabu huunganisha vitu viwili kwa jina la kimoja. Husema "miezi miwili" wakakusudia jua na mwezi. Husema "baba wawili" wakakusudia baba na mama. Wala hadithi hiyo haikuja kufundisha kutahiri; imekuja kufundisha ni wakati gani josho linawajibika.

Hapa tutasema jambo ambalo wengine hupenda kulipitia mbali, nasi hatuoni faida ya kulificha. Sisi watu wa Afrika Mashariki, wengi wetu ni wa madhehebu ya Imamu Shafi. Na kijana yeyote aliyekaa chuoni akafungua vitabu vya madhehebu yetu ataona kwamba Imamu Nawawi na wengine wamelitaja jambo hili kuwa ni wajibu kwa wanaume na kwa wanawake, ijapokuwa imo pia katika madhehebu hayo hayo kauli ya kwamba kwa wanawake si wajibu. Wahanafi na Wamaliki hawakuliwajibisha kwa wanawake hata kidogo. Kijana akiyaona hayo, kisha akamsikia khatibu anasema kwamba hapana mwanachuoni yeyote aliyepata kulitaja, ataacha kumsadiki khatibu huyo katika hili na katika mengine. Basi tunasema: ndiyo, limetajwa. Lakini ewe mwanafunzi, usifunge kitabu. Soma mpaka ufike mlango wa diya.

Katika mlango huo, na katika vitabu vya Nawawi huyo huyo, imeandikwa kwamba mwenye kuikata midomo miwili ya utupu wa mwanamke analazimika kutoa diya kamili ya mwanamke huyo, kana kwamba amemuua. Na akikata mmoja, nusu yake. Maana yake ni kwamba anachokifanya ngariba wa leo, na kinachofanywa chini ya jina la Sunna katika nyumba nyingi, mbele ya mafakihi hao ni jinai yenye malipo. Walichokitaja wao ni kitu kidogo mno, nao walikitaja kwa ijitihadi, kwa hadithi zile tulizozieleza hali yake na kwa elimu ya mwili iliyokuwako katika zama zao. Ijitihadi ya mwanachuoni ina heshima yake na ina thawabu yake, lakini si wahyi.

Na wanavyuoni wa baadaye wameitazama upya. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu mwaka 1958 mpaka alipofariki mwaka 1963, alieleza kwamba kumtia maumivu aliye hai hakujuzu ila kwa maslahi yanayomrudia yeye mwenyewe na kuyazidi maumivu hayo. Akaona kwamba katika kumtahiri mwanamke maslahi hayo hayapo. Sayyid Sabiq, mwandishi wa Fiqhus-Sunna, kitabu kinachosomwa sana huku kwetu, alisema kwamba hadithi zote za tohara ya wanawake ni dhaifu. Mwaka 2006 wanavyuoni wa nchi mbalimbali walikutana Cairo chini ya ulezi wa Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, wakalaani jambo hili. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2007, msichana wa miaka 12 wa jimbo la Minya alikufa alipopelekwa kukatwa. Na mkataji wake alikuwa daktari, si ngariba kizee mwenye wembe wa kutu. Hapo Mufti akatangaza waziwazi kwamba ni haramu, na Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar likatamka kwamba halina msingi katika Sharia. Mwaka 2008 bunge la Misri likalitungia sheria ya kulikataza. Wenye kushikamana na madhehebu na wajue kwamba Sheikh Ali Gomaa ni Mshafi kama sisi.

Ndugu zetu, tumetaja kifo. Madhara mengine hayaui papo hapo, na kwa hiyo watu hawayahesabu. Mtoto hutokwa damu nyingi. Hushindwa kukojoa siku kadhaa kwa uchungu. Hupata pepopunda na kuoza kidonda. Akikua, aliyeshonwa huingia hedhi yake kwa mateso kila mwezi, na usiku wa arusi yake huwa ni usiku wa kukatwa mara ya pili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wazazi zaidi ya 28,000 katika hospitali za nchi sita za Afrika, na Kenya na Sudan zikiwamo. Ilionekana kwamba hatari iliongezeka kadiri mkato ulivyokuwa mkubwa. Kwa waliofanyiwa ile ya Firauni, kutokwa damu kwa wingi baada ya kuzaa kulizidi kwa 70 katika 100 kuliko kwa wasiokatwa, na kufa kwa mtoto mchanga au kuzaliwa mfu kulizidi kwa 55 katika 100. Kwa waliokatwa kinembe na midomo bila kushonwa, vifo hivyo vya watoto vilizidi kwa 32 katika 100. Mtume wetu ametukataza kudhuru na kudhuriana, na wanavyuoni wameifanya kauli hiyo kuwa nguzo moja katika nguzo za fiqhi. Ikiwa haihusiki hapa, hatujui itahusika wapi.

Atasema msemaji: hayo ni ya kushona, ya Sunna ni kidogo. Tunamjibu: kidogo kwa kipimo gani? Mtoto ameshikwa na wanawake wanne, analia na kujinyonganyonga, na mwenye kukata hana mizani wala mpaka alioufundishwa. Imeonekana mara nyingi kwamba kilichoitwa Sunna kilikatwa mpaka kwenye midomo, na penginepo kikatiwa na nyuzi. Tena kidogo kisichokuwa na haki ni dhulma ile ile. Mwizi aliyeiba kidogo, bado ni mwizi.

Wako wanaosema kwamba wanamkata binti ili kuilinda heshima yake. Tunawaheshimu wazazi wanaojali heshima ya watoto wao, na katika zama hizi kujali huko si kitu kidogo. Lakini heshima makao yake ni moyoni, si mahali pale. Mwenyezi Mungu alipotuamrisha katika Suratun-Nur tuyainamishe macho yetu na tuzihifadhi tupu zetu, aliwaanza wanaume kisha akawataja wanawake, wala hakumtaja ngariba kwa yeyote kati yao. Kinachomlinda binti ni malezi, swala, mama anayezungumza naye, na baba ambaye binti haogopi kumwambia aliyemsumbua njiani.

Na zipo hoja nyingine ambazo si za dini kabisa. Katika Singida na Dodoma watu walisadiki kwamba ugonjwa uitwao lawalawa, yaani muwasho na uchafu katika sehemu za siri za watoto wa kike, hauponi ila kwa kukata. Wako wazee wa huko wanaokumbuka kwamba zamani hapakuwa na lawalawa. Maneno hayo yalienea katika miaka ya 1970, serikali ilipoanza kuikemea mila. Ugonjwa huo hutibiwa kwa maji safi na dawa ya zahanati. Kisha sheria ilipokaza zaidi, wengine wakaanza kuwakata watoto wachanga, wasioweza hata kusimulia. Mwenyezi Mungu ametusimulia mara nyingi katika Kitabu chake habari za watu walioitwa kwenye haki, wakajibu kwamba wao wanafuata nyayo za wazee wao tu. Hakuwasifu kwa jibu hilo.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Enyi akina baba, sasa tunasema nanyi. Mara nyingi mwanamume akiulizwa habari hizi hujibu: "Hayo ni mambo ya wanawake." Kisha yeye ndiye anayetoa nauli, yeye ndiye anayempa ngariba ujira wake, na yeye ndiye anayesema hatamwoza mwanawe wa kiume kwa msichana asiyekatwa. Mtume ametufahamisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya wale anaowachunga. Hakusema kwamba mchunga ataulizwa juu ya nusu ya kundi. Mama na mabibi wanashika wembe kwa sababu wanaogopa kwamba binti atakosa mume. Na waume hao ni sisi na ni wana wetu. Enyi vijana, enyi wanafunzi mnaotarajia kuoa, neno moja lenu mkilisema waziwazi mbele ya mama zenu, kwamba hamtamwuliza mchumba jambo hili wala hamtaki liulizwe, lina uzito kuliko khutba yetu hii yote.

Sheria za nchi nazo zimekwisha kusema. Tanzania ilikataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano hadi 15, au faini, au vyote viwili. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2011. Kwa sheria hiyo, anayekata hufungwa si chini ya miaka mitatu au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili, na mtoto akifa, kifungo cha maisha. Aidha kumvusha mtoto mpaka ili akakatwe nchi ya pili ni kosa. Kujua na kunyamaza ni kosa. Na kumtukana mwanamke kwa sababu hakukatwa, hilo nalo ni kosa. Mganga aliyesomea hana ruhusa zaidi ya ngariba. Hatuyataji haya ili kuwatisha watu kwa polisi. Tunayataja kwa sababu wako jamaa zetu wanaotoka Ulaya wakati wa likizo wakawaleta mabinti zao Nairobi au Garissa kwa kazi hii, wakidhani kwamba huku hapana anayeuliza.

Shule zikifungwa, ndio msimu. Mwalimu anayesikia mtoto anazungumza juu ya sherehe inayomngoja kwa bibi, na asipuuze. Jirani anayeona mtoto anasafirishwa ghafula, na aulize. Katika Kenya na Tanzania ipo simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Jambo linakwenda likipungua: Kenya mwaka 1998 walikuwa wanawake 38 katika 100 waliokeketwa, na mwaka 2022 walikuwa 15, Tanzania walikuwa 18 mwaka 1996, wakawa 8 mwaka 2022. Limepungua kwa sababu nyumba moja iliacha, ikafuata ya jirani.

Na kwa wale waliokwisha kukatwa, mama zetu na dada zetu, hatusemi neno hata moja la lawama. Walikuwa watoto. Hawana upungufu wowote katika dini yao wala katika heshima yao. Aliyeshonwa, naye ni mjamzito au ana maumivu, na aende hospitali mapema aeleze hali yake. Hapana aibu katika hilo, na mumewe na amsindikize.

Tumalizie habari ya yule bwana. Alichokiogopa zaidi haikuwa sheria; aliogopa kukosa radhi ya mama yake. Tulimwambia kwamba radhi ya mama ni jambo kubwa, lakini hapana utiifu kwa kiumbe katika kumwasi Muumba, na kwamba anaweza kumkatalia jambo hili hali anambusu mkono. Akatuomba tuzungumze naye sisi. Tukampigia simu Wajir, mwanawe akitutafsiria kwa Kisomali. Tukamweleza, "Mama, mambo ni hivi na hivi," kama tulivyokuelezeni leo, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza bila kutukatiza. Kisha akauliza: "Sheikh, kama si Sunna, basi mimi nilikatwa kwa ajili ya nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa, ila kumwombea dua, naye akaitikia amin.

Hakusema kwamba amekubali. Amesema atafikiri. Mwanawe ameamua kwamba likizo hii binti yake hatakwenda Wajir. Bibi akipenda, yeye ndiye atakayekuja kututembelea huku, na tiketi yake ya basi imekwisha kununuliwa. Lakini yuko yule binti mwingine, wa ami yake, na baba yake bado hajasema neno. Tumemwomba ndugu yetu aende huko mwenyewe kabla shule hazijafungwa, aonane na kaka yake uso kwa uso, kwa kuwa jambo kama hili halimalizwi kwa simu.

Ewe Mwenyezi Mungu, mlinde mtoto huyo ambaye sisi hatumjui na Wewe unamjua. Walinde wote walio katika orodha ya mwaka huu, wa kaskazini na wa Mara, wa Singida na wa Manyara. Ulainishe moyo wa baba yake, na umpe bibi yake jibu la swali lake kwa rehema zako. Uwaponye waliokwisha kuumizwa, na utusamehe sisi tuliokuwa tukijua tukanyamaza. Amin.